Mfuniko wa Tangi la Chini

Jumapili, 5 Oktoba

Mwalimu wa Lugha ametutaka tuandike shajara muhula huu, kwa lugha ya darasani, ukurasa mmoja kwa siku, naye atakuwa anazikagua kila Ijumaa. Hiyo nitaandika. Hii ni nyingine. Kwa lugha ya darasani naandika vizuri na nasifiwa mbele za watu, lakini nikiandika kwa lugha ile najiona nimevaa sare: vifungo vyote vimekaa sawa, ila mimi mwenyewe ndani simo. Nikitaka kusema kweli lazima nirudi kwenye lugha ninayogombezwa nayo nyumbani.

Basi. Nina miaka kumi na sita. Mama yangu ndiye mkuu wa shule hii, shule ya bweni ya kanisa, wanafunzi mia tatu na kumi. Nasoma humu humu ila silali bwenini. Nalala nyumba ya mkuu, hatua hamsini kutoka bweni la wasichana. Baba anafanya kazi mbali, hupiga simu Jumapili. Leo kapiga, nikamwambia sijambo.

Sisemi sana. Wanaodhani ni kiburi cha mtoto wa mkuu wanakosea. Neno huwa linanifika mpaka kwenye meno, likiona watu linarudi. Ninayekaa naye dawati moja tunamwita Kicheko, na yeye ndiye mdomo wangu. Mwalimu akiniuliza kitu, Kicheko hudakia, "Anasema jibu ni saba," hata kama sijafungua kinywa. Mara nyingi huwa ni saba kweli.

Jumatatu, 6 Oktoba

Leo siku ya Duara. Nimeapa kutoyasema ya Duarani. Sikuapa kutoyaandika.

Mama alipokabidhiwa shule hii miaka sita iliyopita, walimu walikuwa hawasalimiani. Majungu yalipikwa kuliko chakula. Barua zisizo na jina zilimfikia Mchungaji, mwenyekiti wa bodi, kila wiki: fulani mwizi, fulani mlevi, fulani na fulani wameonekana. Mama hakumfukuza mtu. Alianzisha Duara. Kila Jumatatu saa moja asubuhi wafanyakazi wote, kuanzia yeye hadi mlinzi wa geti, wanasimama chumba cha walimu wameshikana mikono. Aliyekosea wiki iliyopita anajisema mwenyewe kabla hajasemwa. Mama anamjibu, "Umesamehewa." Wote wanaitikia, "Yamepita!" Basi, jambo hilo halitajwi tena, na anayelirudisha anaambiwa anafukua kaburi. Barua zikakoma. Watu wakaanza kula meza moja. Mchungaji anawasimulia hadi wageni.

Mimi huwa ndani kwa sababu ya kinanda. Napiga wimbo wa kufunga, uso ukutani, mgongo kwa watu. Ndiyo nafasi ninayoipenda kuliko zote duniani.

Leo Mwalimu wa Hesabu kakiri kwamba alisahihisha madaftari ya kidato cha pili huku anaangalia mpira. "Na aliyepata tisini," alisema, "huenda ni kwa sababu timu yangu ilifunga." Watu walicheka mpaka mikono ikaachiana. Umesamehewa. Yamepita! Alama zimebaki zilivyo.

Juu ya meza ya Mama kuna kikaratasi alichokiandika mwenyewe: MIMI SI MWENYE SHULE. Wageni wakikisoma huwaambia, "Mwenyewe yupo. Mimi ni msimamizi tu." Si maneno matupu. Bodi ilipotaka kutuwekea tangi letu la maji pale nyumbani alikataa. "Msimamizi anakunywa wanachokunywa watoto," alisema, na yakaisha. Mimi nampenda Mama. Naandika hili mapema.

Alhamisi, 9 Oktoba

Kishindo nje wakati wa kipindi cha tatu. Mwalimu akasema ni radi. Kicheko akanyoosha mkono: "Anasema radi haina injini, Mwalimu." Lilikuwa lori la mchanga.

Ijumaa, 10 Oktoba

Joto. Hakuna kitu.

Jumatatu, 13 Oktoba

Fundi amelia Duarani.

Ni fundi wetu wa kila kitu, mabomba, milango, jenereta, vitasa. Mtu mrefu, penseli sikioni, huimba akiwa juu ya ngazi na hunyamaza akishuka. Leo alisema: Alhamisi ndiye aliyekuwa akimwelekeza dereva wa lori arudi nyuma. Gurudumu likapanda juu ya mfuniko wa tangi la chini, lile linalolisha bweni la wasichana, jiko na nyumba yetu. Mfuniko ukapasuka, kipande cha ukubwa wa beseni kikaanguka ndani. Akafunika kwa bati na mawe mawili, akanyamaza siku nne.

"Nilitaka nilitengeneze kabla hamjajua," alisema. "Nikaona aibu. Nikawa napita mbali nisilione."

Nilisikia viatu vya Mama vikivuka sakafu. Alimkumbatia. "Umesamehewa."

"Yamepita!" Kwa sauti kubwa kuliko siku zote, maana mtu mzima alikuwa analia. Nikapiga wimbo beti zote nne, na Matroni akaongeza ubeti ambao haumo kitabuni.

Jioni Mama alikuwa anaimba jikoni. "Umemsikia Fundi? Mtu angeweza kuficha mwaka mzima. Hiyo ndiyo shule, mwanangu. Majengo ni majengo tu."

Nilijivuna naye.

Jumanne, 14 Oktoba

Mvua imeanza. Kicheko kateleza kwenye ngazi za darasa, kakaa pale pale kwenye tope akicheka peke yake mpaka kengele ikalia.

Alhamisi, 16 Oktoba

Mvua usiku na mchana. Saa kumi ilipopumua nilitoka kuanua nguo, nikapita kwenye tangi.

Jiwe moja limeanguka na bati limesogea. Kule juu nyuma ya vyoo mfereji umejaa, maji yanafurika na kuteremka mteremko mzima, ya kahawia, yana povu. Yanapita juu ya zege, yakifika kwenye tundu yanaingia. Nilisimama nikayasikia yakianguka ndani.

Nilirudisha bati. Jiwe lilinishinda, nikaweka matofali mawili. Niliponyanyuka bati lilikuwa limeshaanza kuteleza. Upindo wa sketi yangu ulinuka choo.

Ijumaa, 17 Oktoba

Nimemwambia Mama. Nilijitayarisha tangu asubuhi.

"Mama, lile tangi..."

"Tangi gani?"

"La Fundi."

Akaweka kalamu chini. Hakukasirika, afadhali angekasirika. Alinitazama kwa upole ule anaowatazama nao wanaochongea wenzao. "Mwanangu, uliyasikia wapi hayo?"

"Duarani."

"Na ya Duarani tunayafanyaje?"

"Mama, bati limesogea, na maji..."

"Fundi ni mtu mzima. Amesema, amesamehewa, atatengeneza. Nikimfuata leo na kumuuliza tangi vipi, nitakuwa nimemwambia kwamba Jumatatu nilidanganya. Utakuja kuongoza watu siku moja. Usiwe wa kufukua makaburi."

Nikasema sawa. Halafu nikamsugulia viatu ambavyo hakuniomba nivisugue.

Jumapili, 19 Oktoba

Baba kapiga. Mvua juu ya bati ilikuwa kama mawe.

"Baba, maji ya hapa..."

"Nini? Sikusikii!"

"Maji!"

"Ndiyo, hata huku inanyesha! Mwambie mama yako nasalimia!"

Jumatatu, 20 Oktoba

Duarani leo mpishi kaomba radhi kwa kumwita mlinzi kobe. Mlinzi kasema kobe naye hufika. Nilikuwa nangoja mtu aseme jambo la tangi. Hakuna.

Baada ya hapo nilibaki nafuta kinanda. Dirisha linatazamana na stoo.

"Naomba mifuko miwili ya saruji," ilikuwa sauti ya Fundi.

"Ya kazi gani?" akauliza mtunza stoo, dada mmoja mwenye mwandiko mzuri kuliko walimu wote.

"Ile... ya tangi."

"Fundi! Lile si tulishasamehe? Mbona unajirudisha kaburini mwenyewe?"

"Sijirudishi, dada. Nataka saruji."

"Sasa mimi niandike nini kitabuni? Mfuniko uliovunjwa? Mama Mkuu akisoma atasema nafukua. Nitajie kazi nyingine niandike."

"Kazi nyingine ipi? Kazi ni hiyo."

"Basi mwombe Mama Mkuu mwenyewe."

"Nimuombeje? Nianze na neno gani?"

Wote wawili wakacheka kidogo, kicheko cha watu wasiojua pa kuelekea. Fundi akasema ataweka mawe makubwa zaidi, akaondoka na mvua yake kichwani.

Mpaka leo nilikuwa nikimwona mzembe. Sasa sijui nimwoneje.

Jumatano, 22 Oktoba

Mvua. Mawe makubwa yapo. Maji yanapita katikati yake.

Ijumaa, 24 Oktoba

Hili ndilo gumu. Nikiliruka leo sitaliandika tena.

Baada ya michezo tulikuwa kwenye bomba la bwenini. Kicheko alikuwa ametoa jasho, kajaza kikombe chake cha bati mpaka juu.

"Usinywe," nikasema.

"Kwa nini?"

Neno likafika kwenye meno. Nyuma yetu kulikuwa na foleni ya wasichana kama kumi. Ningesema tangi wangeniuliza nimejuaje. Ningesema Fundi, wangemzomea Fundi. Ningesema Duara. Niliapa. Na Mama angeulizwa kwa nini mwanawe anatoa ya Duarani.

"Yanaonekana machafu," nikasema.

Kicheko akainua kikombe kwenye mwanga. "Mbona meupe? Ama mtoto wa mkuu siku hizi anakunywa ya mbinguni?" Foleni ikaangua kicheko. Si kwa ubaya, hana ubaya. Akanywa nusu, akanipa. "Haya, onja, tufe wote."

Nikanywa. Nilimaliza kikombe chote ili nisilazimike kueleza.

Jumatatu, 27 Oktoba

Matroni kasema Duarani kwamba wasichana wanne wana homa. Mama akaomba kwa ajili yao, jina kwa jina. Anawajua wote mia tatu na kumi kwa majina, hata wa kidato cha kwanza.

Kicheko kichwa kinamuuma. Mwalimu wa Hesabu aliniuliza swali na hakuna aliyesema "anasema". Kicheko alikuwa ameegemeza kichwa kwenye dawati. Nikajibu mwenyewe. Nilikosea.

Jumatano, 29 Oktoba

Wagonjwa tisa. Muuguzi wetu anasema ni malaria, mvua ikishanyesha huwa hivyo. Anawapa dawa za malaria.

Ijumaa, 31 Oktoba

Wagonjwa kumi na saba. Chumba cha wagonjwa kimejaa, wengine wamelazwa kwenye magodoro ya maktaba. Nilikwenda kwa Kicheko. Midomo imekauka, inachanika. Tumbo limejaa kama ngoma.

"Umekuja kunisemea?" akasema. "Leo zamu yako. Mwambie muuguzi dawa zake chungu."

"Kicheko, kuna kitu..."

"Anasema kuna kitu," akamwambia ukuta, akitaka kucheka, akajishika tumbo. Nikamshika mkono. Ulikuwa moto kiasi kwamba niliuachia, kisha nikaona haya nikaushika tena. Nikakaa mpaka akalala. Sikusema.

Na mimi siumwi. Kila asubuhi najigusa paji la uso nikitumaini homa.

Jumamosi, 1 Novemba

Mama anaandika barua kwa marafiki wa shule walioko ng'ambo. Yeye husema, mimi naiweka katika lugha yao kwa sababu naandika haraka, kisha anasoma na kutia sahihi.

"Andika: watoto kadhaa wamepata homa kutokana na majira ya mvua, tunawaomba mtukumbuke katika maombi."

Nikaandika. Inasikika vizuri sana kwa lugha ile. Kisha nikaongeza sentensi yangu: mfuniko wa tangi umepasuka na maji ya vyoo yanaingia. Ilikaa pale kwenye karatasi, sahihi kabisa, kila kitenzi mahali pake. Nikaitazama. Nikasikia Mama akivuta kiti ili aje asome. Nikaifuta.

Alikuwa na macho mekundu. Tangu jana hajala, amefunga kwa ajili ya wagonjwa. Alinishika bega. "Bila wewe ningefanyaje?"

Jumapili, 2 Novemba

Kicheko kazidiwa wakati wa ibada. Mama kampeleka hospitali kwa gari lake, Matroni kamshika kiti cha nyuma. Mama alirudi peke yake. Wamempokea, kasema, wanampima.

Jumatatu, 3 Novemba

Nimesema.

Niliingia mapema nikakaa kwenye kinanda. Nilikuwa nimeandika maneno kiganjani kwa kalamu kama mtu anayeibia mtihani. Wakaja, wakashikana mikono. Mama alikuwa siku ya nne bila chakula, sauti imepungua.

"Nani ana neno?"

Nikageuka. Sijawahi kugeuka. Nilishangaa jinsi walivyo wengi, nimezoea kuwasikia tu. Mwalimu wa Hesabu alinitabasamia, akidhani nataka kuuliza ni wimbo namba ngapi.

"Mimi," nikasema. Kiganja kilikuwa na jasho, maneno yameyeyuka. "Tarehe kumi na sita niliona maji ya vyooni yanaingia kwenye tangi. Yanaingia mpaka leo. Kicheko alikunywa mbele yangu, na nilijua, na sikumwambia. Ndiyo maana anaumwa. Ndiyo maana wote wanaumwa."

Hapo nilingoja. Nilidhani mtu atakimbia. Nilidhani mpishi atapiga yowe, Fundi ataanguka, mtu atauliza koki iko wapi. Ningefurahi hata kofi.

Mama alivuka sakafu, nikajua viatu vile. Akanikumbatia, mifupa yake ikanichoma. Akaninong'oneza sikioni, "Usijibebeshe mzigo usio wako, mwanangu. Ni malaria. Muuguzi kasema." Kisha akasema kwa sauti ya wote, akilia, "Umesamehewa."

"Yamepita!"

Wote. Kwa upendo, niliona nyuso zao. Hata muuguzi. Fundi peke yake ndiye aliyefungua kinywa na hakikutoka kitu.

"Tupigie wimbo," akasema Mama.

Nikapiga. Vidole vyangu vilipiga beti zote bila kukosea hata mmoja, na mimi nilikuwa navitazama kama vya mtu mwingine. Simu ya Mama ilikuwa ikitetemeka juu ya meza wimbo mzima. Ilikuwa hospitali. Akachukua funguo za gari, akaondoka na mkoba wazi. Wengine wakaenda vipindini.

Saa sita jikoni walichota maji kama kawaida.

Jumanne, 4 Novemba

Fundi anachanganya zege kwenye mvua. Saruji ni yake, ya nyumba anayojenga, kaileta kwenye baiskeli ikiwa imefungwa na nailoni. Tangu asubuhi yuko pale peke yake. Nilimshikia mwavuli juu ya zege, si juu yake. Hakuniambia niondoke.

"Ulisema vizuri jana," akasema.

"Haikusaidia."

"Yangu pia."

Saa kumi na moja gari la Mama likaingia. Hakwenda nyumbani wala ofisini. Alikuja moja kwa moja mpaka kwenye tangi, na viatu vya ofisini, tope mpaka kwenye vifundo vya miguu.

"Ni homa ya matumbo," alisema. Alikuwa anaongea kama anasoma. "Daktari ameniuliza mnakunywa maji gani. Nikamwambia, mazuri."

Fundi alisimama na mwiko mkononi. "Mama Mkuu, nimefukua."

"Fukua."

"Mfuniko utakauka kesho kutwa."

"Na maji yaliyomo?"

Fundi akatazama chini. "Ndiyo hayo hayo."

Mama akauliza koki iko wapi. Miaka sita hapa, hakuwa akiijua. Fundi akamwonyesha, nyuma ya ukuta wa jiko. Ilikuwa na kutu. Mama akaizungusha kwa mikono miwili, akikataa kusaidiwa, mpaka ikafunga. Kisha akakimbia, sijawahi kumwona akikimbia, akaingia bwalo la chakula akamwaga mwenyewe maji ya mezani, jagi moja baada ya jingine, sakafuni, mbele ya watoto.

Jumatano, 5 Novemba

Bwana Afya kaja na chupa ndogo na glavu. Kachukua maji ya tangi, ya bomba la bwenini na ya jiko. Kaandika siku nzima. Kamuuliza Mama kitabu cha matengenezo, mtunza stoo akakileta. Mwandiko mzuri, na juu ya tangi hakuna hata mstari.

"Hamkuwa na taarifa?" aliuliza.

"Tulikuwa nayo," Mama akasema. "Hatukuiandika."

"Kwa nini?"

Mama alijaribu kumweleza Duara. Nilikuwa nimesimama mlangoni na chai. Nje ya chumba kile, kwa mtu mwenye glavu, halielezeki. Bwana Afya alisikiliza mpaka mwisho, kwa adabu, kisha akauliza tena, "Kwa hiyo kwa nini?"

Shule imefungwa. Wazazi wanaitwa.

Ijumaa, 7 Novemba

Kicheko kapasuliwa. Utumbo umetoboka.

Jumamosi, 8 Novemba

Kicheko.

Jumatatu, 10 Novemba

Wanafunzi wamekwisha kwenda. Duara limekaa hata hivyo, Mama kaliita. Mchungaji naye alikuja. Aliketi, kisha akaona wote wamesimama, akasimama.

Mama hakuuliza nani ana neno. Alisema, "Leo ni mimi."

Hakulia. Ningeona heri angelia.

"Fundi aliweka neno lake mbele yangu. Nikampa msamaha, sikumpa saruji. Mwanangu aliniambia chumbani, nikamfundisha kunyamaza. Akasema hapa mbele yenu, nikamkumbatia na kuagiza wimbo. Nilikabidhiwa watoto. Mimi nikatunza amani yetu sisi tulio humu ndani, kwa sababu ilikuwa nzuri na nilikuwa nimeijenga mimi. Nimekosa."

Kisha akangoja, na ndipo sote tulipoona. Ni yeye ambaye husema neno linalofuata. Hatujawahi kuwa na mwingine wa kulisema. Walimu walitazamana. Midomo ya Fundi ilisogea.

Mchungaji akakohoa. "Mama Mkuu," alisema, "sote ni binadamu. Ume..."

"Usiseme, Mchungaji," Mama akasema. "Tafadhali. Wa kulisema hilo hayumo humu."

Wakabaki wameshikana mikono, hakuna aliyejua tunamalizaje. Mwisho mlinzi akaachia mkono, akasema ana geti, akatoka. Akafuata mpishi. Wakatoka mmoja mmoja. Mimi sikupiga kitu.

Mchungaji alimwambia Mama kwenye korido kwamba bodi itakaa Ijumaa. Mama akasema atakuwepo. Kile kikaratasi cha mezani bado kipo. Nilidhani angekiondoa.

Zamani nilikuwa nikisoma neno msimamizi naona mtu mpole anayekataa tangi lake. Sasa naona mtu anayengoja mwenye mali arudi amuulize. Nimejaribu kumkasirikia Mama, hasira inakuja mpaka mlangoni, inamkuta ananyoosha sare za watoto walizosahau, inageuka.

Kuomba nimeshindwa. Kila nikianza najisikia niko Duarani, naogopa nitajibiwa haraka.

Jumatano, 12 Novemba

Mwalimu wa Lugha kanirudishia ile shajara nyingine kabla hajasafiri. Kaniwekea alama ya juu.

Alhamisi, 13 Novemba

Baba yake Kicheko kaja kuchukua sanduku lake. Tulikuwa tumelala kwao msibani lakini kule watu walikuwa wengi, hakutufikia. Leo kaja peke yake. Mtu mfupi, shati limepigwa pasi, kofia mkononi. Macho ni yale yale ya Kicheko, sikuweza kuyatazama.

Mama alimkaribisha ofisini. Akakataa kiti. Akakataa chai. "Nashukuru, mama. Sitakaa." Matroni alileta sanduku, godoro limefungwa kwa kamba, ndoo. Ndani ya ndoo kulikuwa na kikombe cha bati.

"Nina swali moja tu," akasema. "Sikuja kugombana. Kule nyumbani mama yake ataniuliza nikirudi, na mimi lazima niwe na kitu cha kumjibu. Mlijua lini?"

Mama alifungua kinywa. Yeye, anayehubiri bila karatasi, hakuweza. Nje mvua ilikuwa imetulia kwa mara ya kwanza wiki hii na maji yalisikika yakidondoka kwenye mfereji.

"Jumatatu ya tarehe kumi na tatu Oktoba," nikasema.

Akageuka. "Na koki mkaifunga lini?"

"Jumanne ya tarehe nne Novemba. Jioni."

Alinitazama vizuri. "Wewe ndiye yule rafiki yake asiyesema?"

"Ndiye mimi, baba."

"Alikuwa akituhadithia habari zako. Tulikuwa tunacheka."

Kisha akaweka kofia juu ya sanduku, akainua mkono wake wa kushoto na kuanza kuhesabu vidole, kwa sauti ndogo, kila kidole na tarehe yake. Kumi na tatu, kumi na nne, kumi na tano. Mkono ukaisha, akaenda wa pili. Ikaisha yote miwili, akaanza upya. Mama alikuwa amesimama wima, mikono chini, hakutazama pembeni hata siku moja kati ya siku hizo. Ikaisha tena yote miwili. Akabaki na vidole vitatu, akavishika kwa mkono mwingine, na hakuviachia.